Stadi za maisha: ipi umeifanyia mazoezi, si kuisoma tu?

#1 (Mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa napanga kabati nikakuta daftari langu la zamani. Ndani kuna ukurasa nilioandika mwanzoni mwa mwaka: "Mwaka huu nijiamini. Niwe na nidhamu. Niwasiliane vizuri na watu." Nikafunua mbele, mwaka uliofuata: yale yale, mpangilio tu ndio umebadilika. Mwaka wa tatu hivyo hivyo, ila hapo neno nidhamu nililipigia mstari mara mbili. Nikacheka peke yangu, halafu aibu ikanishika.

Kushindwa hakukunishtua sana, maana nani hajashindwa maazimio. Kilichonishtua ni kwamba kwenye orodha ile hapakuwa na hata jambo moja linalofanyika. Hebu fikiri: leo jioni saa kumi na mbili unakaa chini "kujiamini". Unafanya nini hasa? Unajuaje kwamba leo umekosea ili kesho urekebishe? Anayejifunza kuendesha gari hana shida hiyo. Anajua leo ni kurudi nyuma kwa kutumia vioo. Akigonga koni, koni imelala pale chini, haina ubishi.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu. Kitu nakiita stadi kama naweza kukifanyia mazoezi Jumanne, nikakosea, nikaona nilipokosea, nikarudia Jumatano. Kisichopita hapo nakiita dua. Shirika la Afya Duniani miaka ya 1990 liliorodhesha stadi 10 za maisha za kufundishwa shuleni: kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kuchambua, mawasiliano, mahusiano, kujitambua, kuhisi anachohisi mwenzako, kumudu hisia na kumudu msongo. Orodha nzuri, na wengine tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Lakini ni majina ya vyumba tu. Milango iko wapi, kila mtu ajitafutie.

Mimi nimezifanyia kazi stadi tatu. Nazimwaga hapa, nanyi mwage zenu.

Ya kwanza ni kukadiria muda. Nilikuwa mtu wa "nakuletea Ijumaa". Nikisema Ijumaa sikuwa nadanganya, nilikuwa natamani. Aliyeniamini alikuwa anapanga kazi zake juu ya tamaa yangu. Niliwapoteza watu wawili wazuri wa kufanya nao kazi kwa namna hiyo, na hawakugombana nami hata kidogo; waliacha tu kupiga simu.

Kumbe ugonjwa huu una jina kwa wanasaikolojia tangu 1979, Kahneman na Tversky ndio walioueleza. Mwaka 1994 watafiti watatu, Buehler, Griffin na Ross, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo waliokuwa wanamalizia tasnifu. Waliwauliza: utamaliza baada ya siku ngapi? Wastani wa majibu ulikuwa siku 34. Walimaliza kwa wastani wa siku 55 na ushee. Patamu ni hapa: waliulizwa pia, mambo yakiharibika kabisa itachukua muda gani? Wakasema kama siku 49. Yaani hata walipojitahidi kuogopa, hofu yao ilikuwa na matumaini kuliko mambo yalivyokuja kuwa.

Zoezi lake halina maajabu. Kabla ya kuanza kazi, andika dakika au siku unazodhani. Ukimaliza, andika zilizotumika. Usijilaumu wala usijipongeze, andika tu. Baada ya mwezi niligundua kwamba kazi zangu za kuandika huchukua karibu mara mbili ya ninavyodhani, na kazi zinazomtegemea mtu mwingine zinachukua muda wowote zinaoutaka. Kazi ninazozifanya kila siku nazipatia. Sasa mtu akiniuliza "lini?", naangalia daftari kwanza, moyo baadaye.

Ya pili, na hapa ndipo nilipoaibika zaidi, ni kusikiliza. Nilijiona msikilizaji mzuri kwa sababu watu walikuwa wananieleza shida zao. Siku moja dada yangu ananisimulia mambo ya kazini kwake, mimi nimeshashika kasi: fanya hivi, mwambie vile, andika barua. Akanyamaza. Halafu akasema kwa upole, "Sijafika hata kwenye jambo lenyewe." Wakuu, upole ule uliniuma kuliko angenifokea.

Zoezi lipo tangu 1957, wanasaikolojia Carl Rogers na Richard Farson waliliandikia makala. Kabla ya kujibu, rudia alichosema mwenzako kwa maneno yako mwenyewe, kisha muulize kama umemwelewa. Basi. Nilipoanza niliona ni mchezo wa kitoto. Wiki ya kwanza nilihesabu: mara nane kati ya kumi, niliporudia, mtu alinijibu "hapana, namaanisha..." Mara nane! Ina maana miaka yote hiyo nilikuwa nawajibu watu maswali ambayo hawakuyauliza. Angalizo: usirudie neno kwa neno kama kasuku, mtu atadhani unamkejeli. Nimeshawahi kufokewa kwa hilo.

Ya tatu fupi: kuomba radhi bila "lakini". Taja ulichofanya, taja kilichomgharimu mwenzako, sema utafanya nini, kisha funga mdomo. Kugumu ni huko kufunga mdomo. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi kwa kuandika kwanza kwenye karatasi, na kila nilipokuta "lakini" au "kama nilikukwaza" nafuta. "Kama"? Mtu kakaa mbele yako kanuna, wewe bado unasema kama.

Karibuni. Masharti ni mawili: iwe kitu ulichokifanyia mazoezi mwenyewe, na utuambie ulijuaje kwamba unakosea.

#2

Nipo siti ya mbele. Endelea kushusha, mkuu.

#3

Mleta mada, nakuheshimu ila nakupinga. Haya mambo ni malezi na hulka. Kuna mtu kazaliwa mpole, anasikiliza hata bila kufundishwa. Kuna mwingine umpe daftari kumi, atabaki vile vile. Mimi nina miaka 20 kwenye ndoa na miaka 20 naambiwa sisikilizi. Ingekuwa ni mazoezi ningeshakuwa bingwa.

#4 (Mleta mada)

#3 mkuu, umenichekesha, lakini umegusa jambo zito. Kufanya kitu miaka 20 na kukifanyia mazoezi miaka 20 ni mambo mawili. Mimi naandika kwa kalamu tangu darasa la kwanza na mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la saba.

Wengi wamesikia habari ya saa 10,000. Asili yake ni utafiti wa 1993 wa Anders Ericsson na wenzake, waliowachunguza wapiga fidla wa chuo cha muziki Berlin. Wale bora kabisa, kufikia umri wa miaka 20, walikuwa na wastani wa kama saa 10,000 za mazoezi ya peke yao. Ni wastani tu, wengine hawakuifikia. Baadaye watu wakaigeuza kuwa sheria, kwamba ukifikisha saa hizo tayari wewe ni bingwa, na Ericsson mwenyewe akalalamika kwamba hakusema hivyo. Alichosisitiza ni aina ya mazoezi: unachagua kipande kimoja kinachokushinda, unakirudia, na kuna kitu au mtu anayekuonyesha kosa papo hapo.

Sasa rudi kwenye ndoa yako, kwa ruhusa yako. Unaambiwa "husikilizi" lini? Nadhani ni mwisho wa ugomvi, mambo yameshaungua. Hilo si somo, ni hukumu. Ungekuwa unaulizwa dakika ile ile "nimesema nini?", ungekuwa na koni ya kugonga.

Hulka ipo, sikatai. Mpole anaanzia mbele yangu. Lakini sishindani naye, nashindana na yule aliyemkatiza dada yake.

#5

Habari zenu. Mimi ni mkufunzi wa huduma ya kwanza, na mada hii imenigusa kwa sababu fani yetu imejaa watu wenye vyeti wasioweza.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Naomba niwapinge kidogo kwa heshima zote. Ujuzi wa kumsaidia mtu aliyesimama moyo unazeeka, tena haraka. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya mafunzo, mikono inaanza kusahau, wakati vyeti vingi vinadumu miaka 2. Nimeshamwona mtu ana cheti ambacho hakijaisha muda, nikamwekea mdoli mbele yake, akasimama pale anauliza, "Naanza na nini vile?"

Kwa hiyo stadi yangu ni hii, na naifanya kila mwezi nyumbani juu ya mto mgumu. Mtu mzima amezimia, haitiki, hapumui kama kawaida: mtu mmoja anapiga simu ya dharura, mwingine anaweka mikono katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kinaachwa kirudi juu kila mara. Aliyefunzwa anatoa pumzi 2 kila baada ya mikandamizo 30. Asiyefunzwa aendelee kukandamiza tu hadi msaada ufike. Ukiisoma hapa utasema rahisi. Weka saa, kandamiza dakika 2 mfululizo, halafu njoo uniambie mikono yako inasemaje. Kosa la wanafunzi wangu karibu wote ni moja: wanakandamiza kwa woga, kama wanamsinga. Mdoli wetu una taa inayowaka ukifika kina kinachotakiwa, na siku ya kwanza taa hiyo hulala.

Jingine ni la kuungua. Maji baridi yanayotiririka, dakika 20. Si barafu, si mafuta, si dawa ya meno. Vua pete na saa mapema kabla hapajavimba. Kila mtu anasema analijua hili, lakini dakika 20 ni ndefu. Watu huacha baada ya dakika 2 kwa sababu wanaona hawafanyi lolote. Wajaribu siku moja kusimama bombani dakika 20 wakiwa wazima, waone.

Anayepaliwa na hawezi hata kukohoa: mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega, ikishindikana, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, kisha rudia. Mtoto chini ya mwaka 1 ana utaratibu wake tofauti, huyo usimminye tumbo, ukajifunze kwa mkufunzi.

Samahani kwa urefu. Nikianza hili huwa siachi.

#6

#5 usiombe samahani, hiyo nimeihifadhi. Na jioni hii naenda kuusumbua mto.

Swali kwa wote: mbona fedha hakuna anayegusa? Au humu wote matajiri?

#7

Hapo kwa #6 ndipo penye kazi yangu, nafanya hesabu za watu kwa miaka kadhaa sasa. Watu wanadhani stadi ya fedha ni kubana matumizi. Kubana kuna mwisho wake, huwezi kubana usichokuwa nacho. Stadi ninayowafundisha vijana ni kuhesabu riba kichwani kabla kalamu haijagusa karatasi.

Chukua 72, gawa kwa riba. Jibu ni idadi ya vipindi hadi deni liwe mara mbili. Riba ya asilimia 6 kwa mwaka: miaka 12. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi, inayojumlishwa juu ya deni lenyewe: miezi 7 na siku kadhaa. Usipolipa chochote, mwaka ukiisha deni la 100 limekuwa karibu 314. Watu wakisikia "asilimia kumi tu" wanasikia neno "tu", neno "mwezi" linawapita.

Zoezi: kila unapoona tangazo la mkopo, hata kama hukopi, fanya hesabu hiyo kichwani halafu hakiki kwa kikokotoo. Kosa linajionyesha lenyewe. Baada ya wiki chache unakuwa na pua. Na kabla ya kusaini, maswali matatu, kwa sauti, mbele ya anayekukopesha: jumla nitalipa ngapi hadi mwisho, nikichelewa siku moja kunatokea nini, nikitaka kulipa mapema kuna adhabu? Mteja wangu mmoja aliuliza hayo matatu na yule bwana upande wa pili akafunga faili. Hakujibu hata moja. Nadhani lile lilikuwa jibu.

Ya bajeti na akiba nawaachia wengine, yameshasemwa mpaka yamechuja.

#8

Mimi ni mdada, naomba nitoe yangu: kusema hapana.

Nilikuwa yule mtu wa ofisini anayeombwa. Fulani hayupo, nishikie zamu. Hii ripoti ni ndogo tu, niisaidie. Nikirudi nyumbani namkasirikia kila mtu ambaye hakuniomba chochote. Nilisoma mengi kuhusu mipaka na kujithamini, nikatoka nimeelimika na bado nashika zamu za watu.

Kilichonibadilisha ni kuanza na hapana ndogo, zisizo na maumivu. Muuzaji ananiongezea kitu ambacho sikukiomba: hapana, asante. Mtu ananiomba nijaze dodoso: hapana, asante. Lengo langu lilikuwa hapana moja kila siku, na nilikuwa naziwekea alama kwenye kalenda. Wiki ya kwanza nilipata mbili. Mbili, jamani, kwa siku saba.

Nikagundua kosa langu liko wapi. Nilikuwa nasema hapana halafu nafuatisha sababu tano. Kila sababu ni mlango. "Siwezi, nina mgeni." Mgeni anakuja saa ngapi? "Jioni." Basi asubuhi utaweza! Ukitoa sababu tano umempa mtu milango mitano ya kuingilia, na mwombaji mzoefu anaijua yote. Sasa nasema, "Hapana, safari hii sitaweza," kisha nanyamaza. Ule ukimya unatisha. Mara ya kwanza nilihesabu kimoyomoyo hadi sita ndipo mwenzangu akasema, "Sawa." Sawa tu. Hakuzimia.

#9

#8 dada, umenena vyema, ila hapana si za bei moja. Kumwambia mwenzako wa ofisini hapana ni jambo moja. Kumwambia bosi anayeweza kukufukuza, au mzazi, au mkubwa wako aliyekusomesha, ni jambo lingine kabisa. Ukimjibu mjomba "safari hii sitaweza" kisha ukanyamaza unahesabu hadi sita, utahesabu hadi mwakani.

#8 tena

#9 kaka, kweli kabisa, na nilipaswa kulisema. Kwa wakubwa nina zoezi jingine: kuomba muda. "Nimekusikia, naomba nikujibu kesho asubuhi." Hiyo si hapana wala ndiyo, na karibu hakuna mkubwa anayekasirika kwa hiyo. Kosa langu la zamani halikuwa kukubali, bali kukubali ndani ya sekunde mbili. Nikipata usiku mmoja, mara nyingi narudi na nusu: "Sitaweza yote, lakini hiki kipande naweza." Sharti ni kurudi kweli kesho asubuhi. Ukikwepa, umeharibu, na mara ya pili hupewi huo muda.

Kwa bosi naongeza swali moja: "Nina kazi hizi mbili mkononi, ipi isubiri?" Hapo uamuzi unakuwa wake. Wakati mwingine anaamua vibaya na nashinda hapo hadi usiku. Si kila kitu kinatibiwa kwa stadi.

#10

Mwanafunzi hapa. Yangu ni kujifunza kwenyewe. Nilikuwa nasoma kurasa zile zile mara nne, napaka rangi mistari hadi kitabu kinang'aa, nikifika kwenye mtihani nakumbuka rangi tu.

Mwalimu mmoja akanielekeza: funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua, angalia ulichoacha. Nilichukia. Unajiona mjinga kila siku. Baadaye nikakuta kuna utafiti wa 2006 wa Roediger na Karpicke uliofanana kabisa na mateso yangu. Kundi moja lilirudia kusoma, jingine lilijipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki 1 mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 56, wenzao 42. Ndiyo maana kusoma tena na tena kunadanganya, kwa sababu kunakupa raha sasa hivi.

Kosa lenyewe linaonekana kwenye karatasi, mleta mada. Nadhani nimepita kipimo chako.

#11 (Mleta mada)

Umepita, na umenisaidia kueleza kitu nilichokuwa nakitafuta tangu juzi. Zote hizi zilizotajwa zina ladha mbaya mwanzoni. Mdoli wa #5 una taa isiyowaka. Kalenda ya #8 ina alama mbili. Karatasi yako ina mapengo. Daftari langu la muda lilikuwa linanitukana kila siku. Kusoma makala ya "mbinu za kufanikiwa" hakuna ladha hiyo hata kidogo, ni tamu mwanzo hadi mwisho, na pengine ndiyo maana nilizisoma miaka mitatu.

#12

Sasa mazoezi yenyewe yanachukua muda gani hadi yaingie damuni? Nimesikia siku 21.

#13 (Mleta mada)

Hiyo 21 imetembea sana. Chanzo chake kinachotajwa ni daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, miaka ya 1960, aliyeona wagonjwa wake wanahitaji angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya baada ya upasuaji. Neno "angalau" likaanguka njiani, na sura ikageuka kuwa tabia yoyote.

Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja na jambo dogo alilolichagua la kufanya kila siku. Muda wa mtu wa katikati, hadi jambo lijiendee lenyewe, ulikuwa siku 66, lakini tofauti ni kubwa mno: kwa makadirio yao, kuanzia siku 18 hadi 254. Lililonifariji ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mimi nilikuwa nikiruka siku moja naacha kabisa, nasubiri Januari.

Ila tusichanganye. Tabia ikishajiendea yenyewe haina maana umekuwa hodari. Unaweza kuzoea kufungua daftari kila siku na bado ukakadiria vibaya. Kuzoea kunakufikisha mezani, lakini kazi yenyewe bado utaifanya ukiwa macho.

Ukiniuliza uanze na ipi, nitakwambia usiniulize mimi. Angalia mwezi uliopita: ni wapi ulipata hasara, au ulimuumiza mtu, na kisa ni kitu usichokiweza? Anza hapo, na kimoja tu. Mimi nilijaribu tatu kwa mpigo, nikabaki na daftari tatu tupu.

#3

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita na sikusema kitu kwa sababu nilitaka nije na ushahidi kwamba haya mambo ni porojo.

Nilichagua kusikiliza, mnajua kwa nini. Nikamwambia mke wangu kwamba kuna watu mtandaoni wamenipa zoezi. Akacheka kwanza, halafu akakubali tuweke dakika 10 baada ya chakula cha usiku: anaongea, narudia, ananiambia kama nimepatia. Siku ya kwanza alinipa sifuri. Nikabisha. Akanikumbusha kwamba kubisha si sehemu ya zoezi. Siku ya nne nikapatia kitu kimoja, akanyamaza kidogo, akaniangalia kama ananifahamu upya. Siku ya tisa tuligombana katikati ya zoezi na tukaliacha siku mbili. Tumelirudia. Mpaka jana rekodi yangu ni tano kati ya kumi, na anasema nikichoka bado narudia nilichotaka kusikia mimi.

Sijasema umeshinda, mleta mada. Hulka bado ipo.

Halafu, kwa uroho, nikaongeza na lile la kukadiria muda. Kuandika ujumbe huu niliandika pembeni: dakika 5. Sasa hivi ni ya 22, na naitwa, dakika zangu 10 zimeanza.